Dola moja ya kukimbia Central Park

Septemba 13, 1970, watu 127 walijipanga ndani ya bustani ya Central Park kwa Marathon ya New York ya kwanza, kila mmoja akiwa ametoa dola moja ya kiingilio. Waliizunguka bustani ileile mara nne na ushei, kwenye joto. Waliomaliza ni 55 tu. Mshindi, Gary Muhrcke, alikuwa mzimamoto aliyetoka zamu ya usiku. Zawadi? Saa za mkono za bei poa, na vikombe vya michezo mingine vilivyotumika upya.

Mwaka 1976 mbio zilitoka bustanini zikapita wilaya zote tano za jiji, kuanzia daraja la Verrazzano. Muongo mmoja baadaye zikasogezwa hadi Novemba, majani yanapopukutika na kibaridi kumfaa mkimbiaji.

Mkenya Ibrahim Hussein alishinda 1987, Mwafrika wa kwanza. Miaka miwili baadaye akaja Juma Ikangaa, mwanajeshi mfupi wa Tanzania, akatumia saa 2:08:01. Rekodi hiyo ya njia ilidumu hadi 2001.