Mgeni Mwenye Bunduki, Mgeni Mwenye Jembe

Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Ukimsoma harakaharaka utadhani alichukia wageni tu. Lakini aliokosana nao walikuwa wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, wenye bunduki na mitaji ya Zanzibar, ambao miaka kama kumi nyuma walishamng'oa mtemi Mnywa Sele kwa kuthubutu kuwatoza kodi, wakamsimika Mkasiwa. Mwenyeji alipambana na mgeni aliyemzidi kiburi na baruti.

Alexandra, Johannesburg, Mei 2008, mambo yaligeuka. Waliovamiwa vibandani walikuwa Wazimbabwe, Wamsumbiji na Wamalawi waliokuja kutafuta kibarua. Machafuko yaliposambaa, waliuawa watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Wenye migodi hawakuguswa. Mwandishi Frantz Fanon alikwisha kuonya mwaka 1961: uzalendo wa matajiri wazawa wanaovizia viti vya mkoloni hushuka hadi mitaani, ukaishia kumfukuza Mwafrika wa nchi jirani.

Sisi Watanzania tusijipongeze upesi. Ni kweli njia ya misafara ilitulea katika utani. Mnyamwezi na Mzaramo hutukanana hata msibani, na mtani huyohuyo ndiye anayesaidia kuchimba kaburi. Siioni mila nyingine yenye akili kama hiyo ya kumpa mpita njia haki ya kuwa mkorofi nyumbani kwako. Ila utani ulizaliwa kati ya watu waliohitajiana, mmoja akibeba mzigo, mwingine akiwa na maji na chakula. Serikali haina mtani.

Kwetu umati haukuchoma vibanda. Kazi ilifanywa kwa amri. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwatimua maelfu kutoka Kagera, Kigoma na Geita, wakiwemo waliozeekea huko. Kule Ulyankulu, mkoani Tabora, Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa msitu, wakaugeuza mashamba. Serikali ikakubali kuwapa uraia, jambo kubwa ambalo mataifa machache yamelithubutu. Kisha vyeti vikakaa hadi Oktoba 2014, kwa sababu walitakiwa kwanza wahame, watawanywe mikoani. Mpango huo uliachwa baadaye, lakini kwa miaka kadhaa mkulima aliyefyeka msitu ule alidaiwa akawe mgeni kwingine ndipo aitwe mwananchi.