Neno la siri alikuwa nalo mkutubi

Katika miaka ya 1990, rafu ya majarida kwenye taasisi nyingi za utafiti za serikali barani Afrika ilikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Majarida yalilipiwa kwa dola, na bajeti ilipobanwa, maktaba ndiyo ilikatwa kwanza. Mtafiti aliyetaka makala alimwandikia barua mwandishi wake huko ng'ambo, akaomba nakala, akasubiri posta.

Nafuu ya kwanza ililetwa na watu wa kilimo. Mwaka 1999, maktaba ya Mann ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwa msaada wa mfuko wa Rockefeller, ilitoa TEEAL: majarida zaidi ya 100 yaliyopakiwa kwenye CD, yakaitwa maktaba ndani ya sanduku. Hayakuhitaji intaneti, na kwa kituo cha utafiti kilicho mbali na mji hilo lilikuwa jambo kubwa.

Julai 2001, Shirika la Afya Duniani, likiongozwa na Gro Harlem Brundtland, lilitangaza makubaliano ya kufungulia nchi maskini majarida ya afya kwa njia ya intaneti, na wachapishaji sita wakubwa, wakiwemo Elsevier, Springer na Blackwell. Januari 2002 mpango wa HINARI ukaanza kazi ukiwa na majarida takriban 1,500. Nchi ambazo pato la mtu kwa mwaka halikufika dola 1,000 ziliyapata bure. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ikafuata na mpango wa AGORA mwaka 2003, kisha UNEP, shirika la mazingira, na OARE mwaka 2006.

Aliyesajiliwa hakuwa mtu, ilikuwa taasisi: wizara, chuo, hospitali ya kufundishia, maabara ya taifa. Wafanyakazi wake wote walitumia jina moja na neno la siri moja, lililotunzwa na mkutubi. Nawaheshimu sana wakutubi hao. Pale mkutubi alipozunguka ofisini kufundisha wenzake, majarida yalisomwa. Pale alipolifungia neno hilo kwenye droo, mtafiti wa chumba cha pili aliendelea kuomba nakala ng'ambo.

Lakini mlango wa majarida hayo haukuwa wa wasomaji. Januari 2011, wachapishaji waliondoa majarida zaidi ya 2,500 kwa taasisi za Bangladesh, wakiona soko la kuuza limeshapatikana. Watafiti walipaza sauti, magazeti ya kitabibu yakaandika, na majarida yakarejeshwa. Hata hivyo, makubaliano hayo ya hiari yaliachwa yalivyo: kila mchapishaji ndiye huamua majarida yake yataingia nchi gani.