Jasi ya Itigi na Sanaa ya Kutwaa Umbo la Mwili

Katika mkoa wa Singida, kando ya reli ya kati, uko mji wa Itigi. Na katika nchi iuzungukayo huchimbwa jiwe laini liitwalo jasi. Sehemu kubwa ya jiwe hilo huchukuliwa viwandani, likatumika katika kutengeneza saruji. Walimu wameizoea jasi pasipo kuifikiri, maana chaki nyingi za ubaoni zafanywa kwa jasi. Lakini jiwe hilohilo lina kazi nyingine ya kale sana, nayo ni kutwaa umbo la mwili wa mtu aliye hai, ili lifanyiwe sanamu. Kwa kuwa mali ya kazi hiyo imo katika ardhi ya Singida yenyewe, twaona yafaa kueleza habari zake, jinsi ilivyoanza na jinsi ilivyoendelea, na jambo moja ambalo mwanafunzi hana budi kulijua kabla hajatia mkono katika plasta.

Kwanza maneno. Mtu wa pwani alipotaja jasi huenda alikusudia pambo la fedha livaliwalo katika ndewe ya sikio, wala si jiwe. Basi msomaji wa vitabu vya zamani na aangalie. Chombo chenye umbo la ndani, ambacho kitu humiminwa humo kikapata sura, huitwa kalibu. Nalo ni neno lililotumika kwa chombo cha kumiminia risasi za bunduki. Kumimina madini yaliyoyeyuka ni kusubu. Wahunzi wetu wa bara tangu kale walikifua chuma kwa nyundo, hawakukisubu. Na sanamu za Afrika ya Mashariki kwa desturi zilichongwa kwa tezo au zilifinyangwa kwa udongo. Mchongaji hupunguza, mfinyanzi huongeza. Mwenye kalibu ya mwili hafanyi hili wala lile: humfunika mtu, hungoja, kisha humfunua. Kwa hiyo kazi yake yategemea subira ya mtu mwingine aliyelala chini ya mikono yake, haoni wala hawezi kusema. Hilo ndilo jambo tulilotaka kulionyesha, nayo historia yalishuhudia.

Jasi ni mchanganyiko wa chokaa na salfa uliofungamana na maji. Ikitiwa motoni hata joto lifike kadiri ya digrii 150 za sentigredi, robo tatu ya maji yale hutoka, ukabaki unga mweupe. Unga huo huitwa plasta ya Paris, kwa sababu jasi nyingi ilichimbwa zamani katika kilima cha Montmartre mjini humo. Ukichanganywa na maji huyarudisha yale uliyopoteza, na kwa muda wa dakika chache hugeuka tena kuwa jiwe. Katika kugeuka hufanya mambo mawili: huvimba kidogo sana, hata ukaingia katika kila kunjo la ngozi, tena hutoa joto.

Mwandishi Plinius wa Roma asimulia kwamba wa kwanza kutwaa sura ya mtu kwa jasi kutoka katika uso wenyewe alikuwa Lysistratus wa Sikyon, ndugu yake Lysippus mchonga sanamu wa Iskanda Mkuu, katika karne ya nne kabla ya Kristo. Alimimina nta ndani ya kalibu, kisha akaisahihisha ile nta. Neno hilo la kusahihisha tulishike, maana tutalihitaji. Kupita miaka elfu na mia saba, karibu na mwaka 1400, Cennino Cennini wa Italia aliandika kitabu cha mafundisho kwa mafundi. Humo aeleza jinsi ya kutia mirija ya fedha au ya shaba katika pua, ili mtu apate kuvuta pumzi chini ya plasta. Aagiza pia kwamba kwa bwana mkubwa plasta ikorogwe kwa maji ya waridi yenye uvuguvugu, bali kwa watu wengine maji yoyote ya uvuguvugu yatosha. Twaona hapo kwamba heshima ilipimwa kwa cheo. Lakini hata hivyo pumzi ya kila mtu ilifanyiwa njia. Baadaye Verrocchio wa Firenze, aliyekufa mwaka 1488 na aliyekuwa mwalimu wa Leonardo da Vinci, alitwaa kwa plasta maumbo ya mikono na miguu, akayaweka mbele yake ayatazame alipokuwa akifanya kazi.

Lakini kutwaa umbo hakukuhesabiwa kuwa ndiko kufanya sanamu. Mwaka 1877 Auguste Rodin wa Ufaransa alionyesha sanamu ya kijana, aliyemfanya kwa kumtazama askari mmoja wa Ubelgiji. Ilikuwa na uhai mwingi hata watu wakamshtaki kwamba amemfunika yule askari kwa plasta. Rodin alijitetea kwa picha na kwa mashahidi, na mwaka 1880 serikali ya Ufaransa iliinunua sanamu ile. Aliona shutuma ile ni aibu, kwa kuwa kalibu hutoa ngozi bila nia: mtu aliyetulia chini ya plasta hufumba macho, na misuli yake hulala. Ndiyo sababu Lysistratus alisahihisha nta yake. Mwanafunzi asidhani kwamba akiisha kufungua kalibu amekwisha kazi, ndipo aanzapo.

Twaja sasa katika habari iliyo nzito zaidi. Katika karne ya kumi na tisa na mwanzo wa ishirini wataalamu wa Ulaya walizunguka duniani na plasta yao, wakitwaa nyuso za watu ili kuwagawanya kwa makabila na aina, kama mtu agawanyavyo vipepeo. Mwaka 1931 Mjerumani Hans Lichtenecker alifanya kazi hiyo katika nchi ambayo leo ni Namibia. Pamoja na nyuso alitwaa pia sauti, kwa mashine ya mitungi ya nta. Sauti hizo zilikaa miaka mingi Berlin pasipo kufasiriwa. Na zilipofasiriwa ilionekana kwamba baadhi ya watu walikuwa wakisema, kwa lugha zao wenyewe, taabu waliyoipata chini ya plasta. Mwaka 2009 sauti hizo zilisikizishwa hadharani mjini Cape Town. Nyuso zilikuwa zimefumba macho na midomo. Sauti ndizo zilizoshuhudia. Basi kalibu yaweza kuwa sahihi kwa kila kunjo, na huku ni kitu kilichotwaliwa kwa nguvu.

Si kila kalibu ni ya namna hiyo. Kaskazini ya Singida, ng'ambo ya bonde la Ziwa Eyasi, pako Laetoli. Hapo mwaka 1978 watu wa msafara wa Bibi Mary Leakey waliona nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, yapata miaka milioni 3 na laki 6 iliyopita. Majivu yalikauka yakawa kalibu, nayo ardhi ikaitunza. Wataalamu walitwaa nakala za nyayo hizo, kisha wakazifukia zenyewe zisiharibiwe. Mizizi ya miti ilipoanza kuzisumbua, zilifunuliwa, zikatengenezwa na kufukiwa tena katika miaka ya 1995 na 1996. Hapo nakala ililinda asili, wala haikuinyang'anya kitu. Hali kadhalika huko Moshi, katika chuo cha mafundi wa viungo vya bandia kilichoanzishwa mwaka 1981, wanafunzi hutwaa kwa bandeji za plasta umbo la mguu uliokatwa, ili mwenyewe apate mguu wa kutembelea. Mgonjwa huyo anajua kalibu ni ya nini, naye ndiye aifaidiye.

Mwalimu atakaye kufundisha sanaa hii na aanze na mkono, wala si uso. Ngozi ipakwe mafuta mengi, na malaika yalazwe, yasinaswe. Bandeji ya plasta ilowekwe katika maji ya uvuguvugu, ipangwe tabaka tatu au nne, upande mmoja wa mkono tu, ili kalibu itoke bila kuvutwa. Ikikauka kidogo, mwanafunzi atikise vidole, nayo itaachia yenyewe. Ndani ya kalibu ipakwe sabuni, ndipo plasta imiminwe.

Lakini kamwe mtu asitumbukize mkono katika chombo kilichojaa plasta. Mwaka 2007 msichana wa miaka 16 nchini Uingereza alifanya hivyo katika somo la sanaa. Plasta ikakauka, joto likapanda, mikono haikutoka, na karibu vidole vyake vyote vikakatwa. Hatari hii yajulikana kwa mafundi. Haikufaa kujifunzwa kwa vidole vya mtoto.

Basi kabla ya mafuta na kabla ya maji, mwalimu amweleze yule atakayetwaliwa umbo: litachukua muda gani, joto litakuwaje, ishara gani ya mkono itatosha kusimamisha kazi, na sanamu itakuwa ya nani. Akikataa, na aachwe. Udongo wa kufinyanga upo, na macho ya kutazama yapo. Akikubali, mwenziwe mmoja akae karibu naye mpaka mwisho, asiwe na kazi nyingine ila kumwangalia.