Asali na Jeraha la Farasi

Miongoni mwa majeraha yaliyowasumbua matabibu wa wanyama tangu zama za kale ni lile la mguu wa farasi, chini ya goti. Mahali hapo hapana msuli, ngozi imekaza juu ya mfupa na kano, na samadi haiko mbali. Jeraha hutanuka badala ya kufumba, kisha nyama laini huchomoza na kuzizuia kingo za ngozi zisikutane. Farasi aliyefikia hali hiyo hakufaa tena vitani wala shambani.

Asali ilikuwa dawa ya vidonda vya binadamu mapema sana. Hati ya mafunjo ya Misri ijulikanayo kwa jina la Edwin Smith, iliyonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, inaagiza jeraha lifungwe nyama mbichi siku ya kwanza, kisha lipakwe mafuta na asali. Zizini nako haikukosekana. Vegetius, Mrumi aliyeandika kuhusu maradhi ya farasi na nyumbu, anaitaja mara kwa mara, na vivyo hivyo matabibu wa Kiyunani. Elimu hiyo iliwafikia Waarabu pamoja na jina lake: baitar, tabibu wa wanyama, ni neno litokanalo na hippiatros la Kiyunani, yaani mganga wa farasi.

Mwaka 1892 Mholanzi van Ketel alionyesha kwamba asali huua bakteria. Hata hivyo, penisilini ilipoenea katika miaka ya 1940, asali iliachwa. Haikuachwa kwa kuwa ilishindwa. Iliachwa kwa kuwa ilionekana ya kizamani, na hiyo si hoja ya kitabibu.

Siri yake ilifichuliwa polepole. Utamu wake mwingi huwanyang'anya bakteria maji, na uchachu wake huwadhoofisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Jonathan White alithibitisha kwamba kimeng'enya kilichomo huzalisha haidrojeni peroksaidi. Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, akagundua kwamba asali ya mti wa manuka ina nguvu nyingine ya ziada. Mwaka 2008 ikabainika kuwa ni methiligliokisali.

Bakteria sugu ndio walioirejesha asali zizini. Watafiti wa Sydney waliripoti mwaka 2011 kwamba majeraha ya miguu ya farasi yaliyopakwa asali ya manuka yalitanuka kidogo kuliko mengine, ingawa muda wote wa kupona haukupungua. Mwaka 2020 matabibu wa Israel walichapisha utafiti wa farasi 127: waliotiwa asali ndani ya jeraha kabla ya kushonwa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona vyema.

Asali hiyo lakini si ile ya jikoni. Asali ya kawaida yaweza kubeba mbegu za bakteria wanaoleta sumu ya botulizimu, na kuichemsha huharibu kile kimeng'enya chake. Ndiyo maana asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gama, bila moto.