Nani alihesabu maili? Kaunta ya tarakimu na ugomvi wake

Mwaka 2025 ilitimia miaka 130 tangu Mmarekani Curtis Veeder abuni kaunta ya baiskeli, na sikusikia mtu akiadhimisha. Wajukuu wa kifaa hicho bado tunao: wamo kwenye mita za maji nje ya nyumba zetu, kwenye dashibodi za magari ya zamani, na tumboni mwa mashine kuukuu za fotokopi zinazopimwa kwa kilo na kuuzwa kama vyuma chakavu. Siku hizi wapenzi wa elektroniki wanazisaka kaunta hizo ili wazitumie upya. Ni vizuri wajue wanachokishika.

Kazi ngumu ya kaunta ni kubeba moja. Gurudumu la mwanzo likitoka 9 kwenda 0, jirani yake lazima asogee hatua moja, asizidishe wala asibaki. Mfaransa Blaise Pascal alianza kulishughulikia jambo hilo mwaka 1642, akiwa na umri wa miaka 19, ili kumpunguzia baba yake mzigo wa kukokotoa kodi. Mashine yake ilifanya kazi, ila bei haikushikika.

Kisa kitamu zaidi kilitokea Marekani mwaka 1847. Aprili ya mwaka huo msafara wa kwanza wa Wamormoni, ukiongozwa na Brigham Young, uliondoka Winter Quarters kando ya mto Missouri kuelekea bonde la Salt Lake. Ndani yake alikuwamo William Clayton, Mwingereza wa Lancashire, mtu wa kalamu na shajara. Umbali wa kila siku ulikuwa wa kukisia, na Clayton aliamini kwamba wenzake wanatia chumvi.

Mei 8 akaamua kumaliza ubishi. Alikuwa amepima gurudumu la gari la kukokotwa na kukuta mzingo wake ni futi 14 na inchi 8, karibu mita 4.5. Kwa kipimo hicho, mizunguko 360 ni maili moja. Akafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu, akatembea kando yake kutwa nzima akihesabu kila kitambaa kilipopita. Hadi jioni alikuwa amefikisha mizunguko 4,070, yaani maili 11 na ushei. Wenzake walikuwa wamekisia zaidi.

Kazi ya namna hiyo haifanywi kila siku na mtu mwenye akili timamu. Clayton alikuwa ameshadokeza kwamba gia za mbao zingeweza kumfanyia. Orson Pratt, mwanahisabati wa msafara, akapanga mtambo, na fundi mbao Appleton Harmon akauchonga. Mhimili mmoja ulimaliza mzunguko kila gurudumu la gari lilipozunguka mara sita, na skrubu yake ikasukuma gia yenye meno 60. Sita mara sitini ni 360: gia ikizunguka mara moja, maili imekwisha. Mei 12 mtambo ukaanza kazi.

Hazikupita siku nyingi ugomvi ukazuka. Kwa mujibu wa shajara ya Clayton, Harmon alianza kujinadi kuwa ndiye mbunifu. Clayton akaandika kwa uchungu kwamba hilo limemfanya amheshimu Harmon pungufu ya zamani. Harmon naye alikuwa na shajara yake, lakini ya Clayton ndiyo inayonukuliwa zaidi, na mwenye kalamu inayosomwa ndiye hushinda kesi. Kwa maoni yangu wote watatu wana haki: mmoja aliona haja, wa pili akapiga hesabu, wa tatu akatia mkono kwenye patasi. Hata hivyo Clayton ndiye aliyefaidisha umma, kwani mwaka 1848 alichapisha St. Louis mwongozo wa njia hiyo wenye umbali wa kila kituo, na wahamiaji wakausafiria.

Mtambo ule ulisomwa kwa meno ya gia. Veeder, mwaka 1895, aliweka tarakimu dirishani: pini kwenye spoku iligonga kijigurudumu kila tairi lilipozunguka, na gia za ndani zikageuza mizunguko kuwa maili. Kampuni yake ya Hartford iliungana na ile ya Root mwaka 1928, likazaliwa jina la Veeder-Root linalofahamika kwenye pampu za mafuta. Umeme nao ukaleta kaunta ya koili, iliyohesabu simu za wateja kwenye mitambo ya simu. Huko Cambridge, mwaka 1932, C. E. Wynn-Williams alieleza sakiti zake za kugawa mapigo kwa mbili, tena na tena, kwa sababu kaunta ya koili haikuweza kwenda na kasi ya chembe za atomu. Kisha zikaja skrini.

Skrini hazikuondoa faida moja kubwa: kaunta ya magurudumu haisahau umeme unapokatika. Bodi ya Arduino Uno inaweza kuweka namba kwenye kumbukumbu yake ya kudumu, lakini kila sehemu ya kumbukumbu hiyo imedhaminiwa kuandikwa mara 100,000 tu. Kaunta huandika kwa kuzungusha gurudumu.

Kwa anayeanza, kaunta yenye nyaya mbili kwa kawaida ni ya koili. Soma volti zilizoandikwa ubavuni, mara nyingi 12 au 24. Usiiunganishe moja kwa moja kwenye pini ya bodi. Pitishia kwenye transista, na uweke dayodi sambamba na koili, mstari wake ukielekea upande wa chanya, la sivyo mshtuko wa koili inapozimwa utaiunguza transista. Anza na mapigo yasiyozidi matano kwa sekunde. Ukisikia mlio bila tarakimu kusogea, refusha pigo kabla ya kulaumu kaunta.

Ombi langu ni kwa mafundi na wauza vyuma chakavu: kabla ya nyundo kushuka kwenye fotokopi kuukuu, chukueni bisibisi mtoe kaunta. Kwenye mizani haina uzito wa maana, lakini yupo mwanafunzi atakayeilipia vizuri.