Kuuita Uchungu

Hakuna mtu anayeomba uchungu, ila ule wa uzazi. Mimba ikipitiliza siku zake, au dalili za kifafa cha mimba zikimwandama mama, kungoja zaidi kwaweza kuleta misiba miwili katika nyumba moja. Ndiyo maana tangu zamani watu wametafuta namna ya kuuita uchungu. Ndugu msomaji, kisa hicho kimepita pia mlangoni petu.

Mwaka 1808 daktari wa Marekani, John Stearns, aliusifu unga wa ukungu uotao kwenye nafaka kwamba unaharakisha uzazi. Kweli kizazi kilikaza, lakini kilikaza bila kuachia, na watoto wengi wakazaliwa wafu. Mwaka 1824 David Hosack wa New York akaonya kwamba unga huo usitumiwe kuharakisha uzazi, bali kuzuia damu mtoto akisha kutoka.

Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza aligundua kwamba dawa iliyokamuliwa katika tezi ndogo chini ya ubongo hukaza kizazi cha paka. Homoni iliyohusika, oksitosini, ilitengenezwa maabara na Vincent du Vigneaud mwaka 1953, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Madaktari wakaweza kuipima kwa dripu, tone kwa tone.

Hata hivyo, oksitosini huhangaika bure ikiwa mlango wa kizazi bado ni mgumu. Msaada ulitoka Kampala. Mwaka 1968 Sultan Karim na wenzake wa Makerere, wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitangaza kwamba wameanzisha uchungu kwa prostaglandini. Vitu hivyo vya mwilini vilipewa jina miaka ya 1930 na Ulf von Euler wa Sweden, aliyedhani vinatoka kwenye tezi ya wanaume! Leo dawa za jamii hiyo hulainisha mlango wa kizazi katika hospitali za dunia nzima.

Katika miaka mingi ya kufundisha walimu, nimesikia mara nyingi kwamba uvumbuzi ni kazi ya ng'ambo. Mtoto anayeamini hivyo haulizi maswali makubwa. Mwalimu na amtajie Makerere, amtajie na onyo la Hosack: dawa isiyo na kipimo huua kile inachokiita.