Viza ya Schengen: mambo ya kujua mbele ya kwenda Kinshasa

Ndoa ya mtoto, matanga, matunzo ya hospitali, mkutano wa kazi: wakaaji wa Bukavu, Goma, Butembo ao Bunia wanaotaka kwenda Ulaya kwa siku chache wanaomba viza ya Schengen ya muda mfupi. Kwa mutu wa mashariki, kukataliwa kunamaanisha kupoteza malipo ya viza, na pia feza ya ndege na ya kulala Kinshasa. Ndiyo maana makaratasi yanapashwa kuwa tayari mbele ya kutoka nyumbani.

Viza hii inaruhusu nini?

Inafungua mlango wa nchi 29, kama Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani na Italia. Uingereza haiko ndani, iko na viza yake. Mutu anaweza kukaa siku 90 zaidi sana ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Mfano: aliyekaa kutoka tarehe 1 mwezi wa kwanza mpaka tarehe 31 mwezi wa tatu amekwisha kumaliza siku zake 90. Hawezi kurudi mbele ya tarehe 30 mwezi wa sita.

Lakini viza inaweza kutoa siku 15 ao 30 tu. Wengi wanaangalia tarehe ya mwisho na kusahau hesabu ya siku iliyoandikwa pembeni. Anayepitisha siku anaweza kukatazwa kuingia tena. Tangu tarehe 12 mwezi wa kumi 2025, mipaka ya Schengen imeanza kuandika kwa mashine kila anayeingia na kutoka.

Wapi kuomba?

Kinshasa kuko Kituo cha Ulaya cha Viza, chini ya uongozi wa Ubelgiji, kinachopokea maombi ya nchi nyingi za Schengen. Mutu anaomba kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Mwenyewe anapashwa kufika kutoa alama za vidole, ila watoto wa chini ya miaka 12. Alama hizo zinaweza kutumiwa tena kwa maombi mengine ndani ya miezi 59.

Je, mutu wa Kivu anaweza kuomba Kigali ao Kampala? Sheria inataka kila mutu aombe katika nchi anamokaa kihalali. Mwenye kuwa na kibali cha kukaa kule anaweza. Anayepita tu anapashwa kueleza kwa nini hakuomba kwao, na konsulati inaweza kukataa kumupokea.

Makaratasi

- Pasipoti yenye kurasa 2 nyeupe, itakayoendelea kutumika miezi 3 kisha kutoka Ulaya.
- Bima ya safari ya euro 30 000 kwa uchache, yenye kufunika nchi zote za Schengen.
- Sababu ya safari: barua ya mwaliko, ya hospitali ao ya mkutano.
- Mahali pa kulala na feza ya kuishi.
- Vyenye kuonyesha kwamba mutu atarudi: karatasi ya kazi na ya konje, patenti ya biashara, hati ya nyumba, vyeti vya watoto wanaobaki.

Hapa ndipo maombi mengi yanaanguka. Konsula anajiuliza swali moja: huyu atarudi kwao? Makaratasi yote yanapashwa kusema habari moja. Feza nyingi inayoingia kwenye konti wiki moja mbele ya maombi, bila maelezo, inaleta mashaka.

Kwa Ubelgiji, ndugu anayepokea mgeni anaweza kutia sahihi kwenye "prise en charge", inayohakikishwa kwenye komini yake. Inatumika ndani ya miezi 6. Siyo barua ya urafiki tu: kwa miaka 2, ndugu huyo anaweza kulipishwa hospitali, makao na tikiti ya kumurudisha mgeni.

Muda na malipo

Maombi yanawekwa miezi 6 mpaka siku 15 mbele ya safari. Jibu linatoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Malipo ni euro 90 kwa mukubwa na 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11. Wa chini ya miaka 6 halipi. Kituo kinaweza kuongeza malipo ya kazi yake. Viza ikikataliwa, feza hairudi.

Jibu likiwa hapana

Anayekataliwa anapewa karatasi yenye sababu, na ana haki ya kukata rufaa. Kwa Ubelgiji ni ndani ya siku 30. Kuomba tena kunawezekana, lakini kurudisha makaratasi yaleyale kunaleta jibu lilelile.

Hakuna komisioneri mwenye uwezo wa kutoa viza. Anayeuza karatasi ya banki ao ya kazi ya uongo anabaki na feza, na jina la mwombaji ndilo linalobaki kwenye mashine za Ulaya.